Ukubwa wa Shamba na Mseto wa Vyanzo vya Kipato: Ufafanuzi kutokana na Wakulima Wadogo wa Korosho wa Masasi na Newala

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya ukubwa wa shamba na mseto wa vyanzo vya kipato miongoni mwa wakulima wadogo wa Masasi na Newala, kusini mashariki mwa Tanzania. Yametegemea maandiko yaliyochapishwa, kumbukumbu za umma kuhusu zao la korosho na mifano ya kihesabu iliyotungwa kwa ajili ya ufafanuzi. Hoja kuu ni kwamba mseto wa kipato hujitokeza katika ncha zote mbili za umiliki wa ardhi, lakini kwa sababu zisizofanana: kaya yenye shamba dogo hutawanya kazi zake ili ipate kuishi, ilhali kaya yenye shamba kubwa hutawanya mtaji wake ili ipate kuukuza. Zaidi ya hayo, makala yanaonyesha kwamba biashara ya kangomba huhamisha mavuno kutoka kaya ndogo kwenda kaya kubwa, na hivyo hupotosha vipimo vya tija na vya mseto kwa pamoja. Inapendekezwa kwamba upimaji wa mseto uambatane na kipimo cha kiwango cha kipato, wakati wa mauzo na mmiliki halisi wa zao.

1.0 Utangulizi

Kilimo cha wadogo ndicho kilimo cha walio wengi duniani. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2021 na watafiti wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa yanaonyesha kwamba takriban asilimia 84 ya mashamba yote duniani yana ukubwa usiozidi hekta 2, ilhali mashamba hayo hayachukui zaidi ya asilimia 12 hivi ya ardhi yote ya kilimo. Takwimu hizi zinaibua swali ambalo limejadiliwa kwa muda mrefu: mwenye shamba dogo huishije? Jibu linalotolewa na wataalamu wengi ni kwamba haishi kwa shamba peke yake. Hulima, huuza nguvu zake, hufanya biashara ndogondogo, hutengeneza vitu vya kuuza na hupokea msaada kutoka kwa jamaa walioko mjini.

Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshelezi. Mwenye shamba kubwa naye haishi kwa shamba peke yake. Ana duka, ana pikipiki ya bodaboda aliyomkabidhi kijana, ana mashine ya kusaga. Ikiwa wote wawili wana vyanzo vingi vya kipato, basi kuhesabu vyanzo hakutoshi kueleza nafasi ya ardhi katika maisha yao. Hapa ndipo penye tatizo linaloshughulikiwa na makala haya. Tatizo hilo si la kinadharia tu. Serikali, mashirika na vyama vya ushirika huweka mipango kwa kuzingatia nani ni mkulima, ana shamba la ukubwa gani na anategemea nini. Uhusiano huo ukisomwa vibaya, msaada humwendea asiyeuhitaji na lawama humwangukia asiyestahili.

2.0 Ufafanuzi wa dhana

Dhana ya mseto wa vyanzo vya kipato imetumika katika makala haya kwa maana inayokaribiana na ile ya Ellis (2000), yaani mchakato ambao kwao kaya za vijijini hujijengea mkusanyiko wa shughuli na rasilimali ili zipate kuishi na kuinua hali zao. Maana hiyo ina sehemu mbili, kuishi na kuinua hali, na sehemu hizo hazipaswi kuchanganywa. Mtu anayefanya kazi tatu kwa sababu hakuna hata moja inayomtosha hayuko katika hali moja na mtu anayefanya kazi tatu kwa sababu ya kwanza imemzalishia mtaji wa kuanzisha ya pili na ya tatu.

Ukubwa wa shamba nao unahitaji ufafanuzi. Katika maeneo ya korosho, ekari ni kipimo kimojawapo tu. Wakulima wengi huhesabu mikorosho, na si ekari, kwa kuwa thamani ya shamba imo katika miti: umri wake, afya yake na nafasi iliyopo baina ya mti na mti. Ekari moja yenye mikorosho mikongwe iliyosongamana yaweza kuzaa kidogo kuliko nusu ekari yenye mikorosho iliyopogolewa na kupuliziwa dawa. Kwa nafasi ya mita 12 kwa mita 12, ekari moja huchukua mikorosho takriban 28. Kwa hiyo, katika makala haya, ukubwa wa shamba unachukuliwa kuwa ni eneo pamoja na idadi ya miti inayozaa.

3.0 Mikabala ya kinadharia

Maandiko kuhusu suala hili yanaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza linahusu tija. Sen (1962), akirejelea takwimu za mashamba ya India, alibainisha kwamba mavuno kwa kila eneo hupungua kadiri shamba linavyokuwa kubwa. Maelezo yake yanakaribiana na ya Chayanov, mchumi wa Urusi aliyeandika katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20: kaya ndogo humwaga nguvu kazi nyingi katika kipande kidogo cha ardhi kwa kuwa nguvu hiyo haina mahali pengine pa kwenda.

Kundi la pili linahusu sababu za mseto. Barrett, Reardon na Webb (2001) wanatofautisha nguvu zinazoisukuma kaya nje ya kilimo, kama vile uhaba wa ardhi na ukame, na nguvu zinazoivuta, kama vile faida ya biashara. Wanasisitiza pia kwamba shughuli zenye faida nzuri nje ya shamba zina vizingiti vya mtaji, elimu na mahusiano, na kwamba barani Afrika kipato cha nje ya shamba aghalabu hufuatana na utajiri, si na umaskini.

Kundi la tatu linahusu historia. Bryceson, katika tafiti zake za miaka ya 1990, alieleza namna sera za marekebisho ya uchumi zilivyodhoofisha kilimo cha wadogo na kuwafanya watu wa vijijini kutafuta fedha nje ya shamba. Seppälä (1998), aliyefanya utafiti kusini mashariki mwa Tanzania, aliuhusisha mseto na ulimbikizaji wa mali, na kuonyesha kwamba shughuli nyingi za kaya moja hufungamana na kulishana. Mawazo hayo ya mwisho ni ya msingi kwa makala haya, ila yanapanuliwa: shughuli hufungamana ndani ya kaya, na pia baina ya kaya na kaya.

4.0 Masasi na Newala: ardhi, maji na mikorosho

Newala imekaa juu ya Uwanda wa Juu wa Makonde, karibu na ukingo wake wa magharibi ambapo ardhi hushuka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma na tambarare za Masasi. Udongo wa uwandani ni wa kichanga na unapitisha maji kwa kina kirefu, hivyo mito na chemchemi juu ya uwanda ni adimu. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka mteremko kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, unaosukuma maji kutoka bondeni, ulianzishwa katika miaka ya 1950 na kupanuliwa baadaye kwa msaada wa Finland, lakini gharama ya kuyapandisha maji imebaki kuwa mzigo. Jambo hili lina uhusiano wa moja kwa moja na mada. Saa zinazotumika kutafuta maji ni saa zinazotolewa katika shamba au katika biashara, na hasara hiyo humwangukia zaidi mwanamke.

Masasi iko chini, katika tambarare yenye vilima vya miamba. Ni njia panda ya barabara za Mtwara, Newala, Nachingwea na Tunduru, na tangu Daraja la Umoja lilipofunguliwa mwaka 2010 ni njia pia ya kwenda Msumbiji. Mbali na korosho, wakulima wake hulima ufuta, mbaazi, karanga, njugumawe, mahindi, mtama na muhogo. Kwa hiyo, kaya ya Masasi ina nafasi pana zaidi ya kuchanganya mazao na kufanya biashara ya barabarani, ilhali kaya ya uwandani huko Newala huegemea zaidi mkorosho na muhogo, mimea inayostahimili mchanga.

Umiliki nao una sura yake. Wamakonde, Wamakua na Wayao ni jamii ambazo kwa jadi hufuata ukoo wa mama. Ardhi ilirithiwa kwa upande wa mama, lakini mikorosho mara nyingi ilipandwa na waume kama mali ya kudumu, nao wakataka kuwaachia watoto wao. Mti mmoja, basi, unaweza kuwa na madai mawili: la aliyeupanda na la ukoo wenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inatambua hakimiliki za kimila, lakini dodoso linalouliza tu "una ekari ngapi?" haliwezi kuugusa utata huo.

5.0 Mseto kabla ya neno mseto

Wakazi wa eneo hili hawakungoja wataalamu wawafundishe kutawanya vyanzo vya kipato. Wakati wa ukoloni vijana wa kusini walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na ya pwani. Sanaa ya vinyago vya Kimakonde ilihamia Dar es Salaam pamoja na wachongaji. Hata neno "machinga", ambalo leo linamaanisha mfanyabiashara ndogondogo yeyote wa mitaani, limetokana na jina la kabila la Lindi, kutokana na vijana wa kusini waliouza bidhaa mkononi katika mitaa ya Dar es Salaam.

Historia ya korosho ndiyo inayoeleza kwa nini wimbi hilo la vijana lilikua. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho ghafi. Kufikia msimu wa 1986/87 kiasi hicho kilikuwa kimeshuka hadi takriban tani 16,500. Sababu zilikuwa nyingi na zilikutana: Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia maua. Viwanda 12 vya kubangua korosho vilivyojengwa nchini, vikiwemo vya Masasi na Newala, vilikamilika wakati korosho zenyewe zikipungua, na vingi havikudumu. Ajira ambayo ingemfaa asiye na shamba la kutosha ikapotea karibu wakati uleule shamba lilipoacha kulipa.

Ufufuaji ulikuja katika miaka ya 1990 baada ya biashara kulegezwa na baada ya Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele kusambaza matumizi ya salfa na miche bora. Hata hivyo, salfa hununuliwa, na mashine ya kupulizia hununuliwa au hukodiwa. Mkorosho uliokuwa ukizaa kwa kupaliliwa tu sasa ulihitaji fedha katikati ya mwaka, miezi kadhaa kabla ya mavuno. Tangu hapo ukubwa wa shamba pekee haukutosha. Ilibidi pia kuwe na fedha za nje ya shamba za kulihudumia.

6.0 Njia tatu za kaya

Kutokana na hali hiyo, kaya zinaweza kuelezwa katika makundi matatu. Makundi haya ni ya ufafanuzi, si ya takwimu, na mipaka yake hubadilika kulingana na kijiji na umri wa miti.

Kundi la kwanza ni kaya yenye mikorosho michache. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba mti huzaa kilo 10, ekari yenye miti 28 hutoa kilo 280. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, mapato ghafi ni shilingi 924,000 kwa mwaka mzima, kabla ya kutoa gharama za salfa na makato. Kaya hiyo haina budi kutafuta kwingine: kibarua cha palizi na cha kuokota korosho, kupika uraka kwa mabibo, kuchoma mkaa, kubangua korosho chache nyumbani, au kuuza vitafunio gengeni. Shughuli hizi zina sifa mbili. Kizingiti chake ni kidogo, hivyo kila mwenye shida huingia na faida huporomoka. Pia nyingi zinafungamana na msimu uleule wa korosho, hivyo msimu ukiharibika vyanzo vyote hutetereka pamoja. Anayepalilia kwa ujira mikorosho ya wengine hukosa kazi mwaka ambao mwenye mikorosho hana fedha za kumlipa.

Kundi la pili ni kaya ya kati. Ina mikorosho ya kutosha kuishughulisha nguvu kazi yake yote na kuilipia salfa, lakini haibakiwi na mtaji wa kuanzisha biashara. Kaya hii ndiyo inayotegemea korosho kwa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake, na ndiyo inayoumia zaidi bei inapoanguka. Katika tambarare za Masasi kaya ya aina hii hujikinga kwa ufuta na mbaazi. Kinga hiyo nayo ina hatari yake: India ilipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi mnamo Agosti 2017, bei ya zao hilo Tanzania iliporomoka, na wakulima wakajifunza kwamba mazao mawili yanayotegemea mnunuzi mmoja wa mbali hayatoshi kuitwa mseto wa kweli.

Kundi la tatu ni kaya yenye mikorosho mingi. Mavuno yake huacha ziada, na ziada huwa duka, pikipiki, nyumba ya kupangisha mjini Masasi au ada ya mtoto anayesoma, ambaye baadaye hurudisha fedha nyumbani. Huo ni mseto wa kuvutwa. Nao hurudi kulilisha shamba: fedha za duka hununua salfa kwa wakati, na mikorosho huzaa zaidi.

Kwa hiyo, mchoro wa uhusiano baina ya ukubwa wa shamba na mseto si mstari ulionyooka. Huanzia juu kwa kaya ndogo, hushuka kwa kaya za kati, kisha hupanda tena kwa kaya kubwa. Utafiti utakaochora mstari mmoja ulionyooka huenda ukahitimisha kwamba ardhi haina athari, kumbe athari mbili zinazopingana zimefutana.

7.0 Kangomba na uhakiki wa mwaka 2018

Makundi yaliyotajwa hayaishi kila moja peke yake. Kiungo kinachoyaunganisha ni kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, aghalabu kwa bei ya chini na mara nyingi kabla ya mavuno. Korosho huvunwa kuanzia Oktoba. Chakula hupungua wakati wa mvua za masika, na mahitaji ya salfa hufika kuanzia Juni. Kaya ndogo ikikosa chakula Februari au fedha za dawa Juni huiendea kaya yenye fedha, nayo huahidi kulipa kwa korosho. Wakati mwingine miti yenyewe huwekwa rehani kwa msimu mmoja au zaidi.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08 chini ya Sheria ya mwaka 2005, ulikusudiwa kumwondoa mnunuzi wa aina hiyo. Mkulima hupeleka korosho katika chama cha msingi, zinahifadhiwa ghalani na kuuzwa mnadani kupitia vyama vikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba. Mfumo uliinua ushindani wa bei, lakini malipo huja baada ya mnada. Mwenye njaa leo hawezi kungoja. Hivyo mfumo uleule uliomsaidia mwenye subira uliacha pengo kwa asiyeweza kusubiri.

Pengo hilo lilidhihirika mwaka 2018. Baada ya msimu wa 2017/18, ambao uzalishaji ulizidi tani 300,000 na bei katika baadhi ya minada ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, msimu uliofuata ulifunguliwa kwa bei za chini ambazo wakulima walizikataa. Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likahusishwa katika kuzikusanya. Kwa kuwa fedha zilikusudiwa wakulima na si wafanyabiashara wa kangomba, ulifanyika uhakiki: waliopeleka shehena kubwa walitakiwa kuthibitisha kwamba wana mashamba yanayoweza kuzaa kiasi hicho.

Uhakiki huo ulikuwa, kwa maana fulani, jaribio kubwa la kupima uhusiano baina ya ukubwa wa shamba na kipato. Dhana yake ilikuwa rahisi: kilo ziwiane na ekari. Lakini kilo zisizowiana na ekari hazikuwa zote za walanguzi wageni. Nyingine zilikuwa za jirani mwenye duka aliyekopesha mahindi, za ndugu aliyepeleka korosho za ukoo kwa jina moja, au za aliyechukua miti kwa rehani. Malipo yalipochelewa wakati wa uhakiki, aliyeumia hakuwa mwenye shehena peke yake. Kibarua aliyeahidiwa ujira baada ya malipo naye alingoja.

8.0 Maana yake kwa upimaji

Athari ya kangomba katika takwimu inaweza kuonyeshwa kwa hesabu. Ichukuliwe kwamba kaya ndogo yenye ekari moja huvuna kilo 280, na kwamba kilo 150 kati ya hizo zimekwisha kuahidiwa kwa jirani kwa shilingi 1,200 kwa kilo. Kaya hiyo hupokea shilingi 180,000 badala ya shilingi 495,000 ambazo zingepatikana kwa bei ya 3,300. Tofauti ni shilingi 315,000. Katika daftari za chama cha msingi, ekari hiyo itaonekana kuzaa kilo 130 tu, na mavuno ya shamba la jirani yataongezeka kwa kilo 150. Mtafiti anayetegemea kumbukumbu za mauzo atahitimisha kwamba shamba dogo lina tija hafifu, kinyume na alivyobainisha Sen, ilhali mti wa shamba dogo umezaa sawasawa na wa shamba kubwa. Kilichohama ni umiliki wa zao.

Fahirisi ya Simpson, inayopatikana kwa kutoa katika 1 jumla ya miraba ya hisa za kila chanzo, ina upofu wa namna nyingine. Kaya ndogo yenye vyanzo vinne vilivyo sawa na kipato cha jumla cha shilingi 1,200,000 hupata 0.75. Kaya kubwa yenye kipato cha shilingi 8,000,000, asilimia 70 kutokana na korosho na asilimia 30 kutokana na duka, hupata 0.42. Kwa fahirisi pekee kaya ya kwanza ndiyo iliyofanikiwa zaidi katika mseto, ingawa duka la kaya ya pili pekee huingiza shilingi 2,400,000, mara mbili ya kipato chote cha kaya ya kwanza.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanahitajika katika dodoso lolote kuhusu mada hii. La kwanza ni kuandika kiwango cha kipato cha kila chanzo, pamoja na hisa yake. La pili ni kuuliza lini na kwa nani kila sehemu ya zao iliuzwa, ikiwemo iliyouzwa kabla ya mavuno. La tatu ni kutofautisha miti inayomilikiwa, inayohudumiwa na inayovunwa, kwa kuwa watu watatu wanaweza kuhusika na mti mmoja.

9.0 Hitimisho

Mfano wa Masasi na Newala unaonyesha kwamba ukubwa wa shamba haupangi tu idadi ya vyanzo vya kipato. Unapanga zaidi ni nani anayeweza kusubiri. Mwenye mikorosho mingi husubiri mnada, na kusubiri kwake humpatia bei na mtaji wa kuanzisha chanzo kingine. Mwenye michache hawezi kusubiri, na chanzo anachokiongeza mara nyingi ni kufanya kazi katika shamba la yule anayesubiri. Sera inayohimiza mseto bila kugusa suala la muda itaongeza idadi ya kazi za mkulima mdogo bila kuongeza kipato chake. Mikopo midogo ya chakula na salfa kupitia vyama vya msingi, inayotolewa kati ya Februari na Juni na kulipwa mnadani kwa masharti yaliyo wazi, ingepunguza sababu ya kangomba kwa namna ambayo adhabu na uhakiki peke yake haviwezi. Ubanguaji wa korosho katika wilaya zenyewe nao ungerudisha ajira isiyofungamana na shamba la jirani. Tafiti zijazo zinaweza kuzifuatilia kaya zilezile kwa misimu kadhaa, ili ibainike ni zipi zinazohama kutoka mseto wa kusukumwa kwenda mseto wa kuvutwa, na ni idadi gani ya mikorosho inayoziwezesha kuvuka.